Sauti ya Kati: Hedifoni kwa Mpenzi wa Udi na Okestra

Kwenye mteremko wa Feri ya Likoni mjini Mombasa, upande wa kisiwani, hedifoni huuzwa ubavuni mwa mabuyu, kachiri na korosho. Mchuuzi huzitundika mkononi, za waya na zisizo na waya, nyeusi, nyekundu na za rangi ya dhahabu, akapenya nazo kati ya abiria, mikokoteni na matatu za Posta. Sifa ya kwanza anayoitaja ni besi. Mteja huvishwa moja, hupigiwa wimbo wenye ngoma nzito, hutikisa kichwa kidogo, akatoa pesa. Kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, watu zaidi ya 300,000 huvuka mlango wa Likoni kila siku. Basi huenda ni hapa Feri ambapo watu wengi wa Mombasa wamefundishwa sauti nzuri ni ipi.

Naamini wamefundishwa vibaya, na nasema hivyo kwa kuupenda muziki wa pwani hii. Mtu anayesikiliza taarab asilia, au okestra za Ulaya, au ala ya kanuni ya Misri, na ambaye sasa ameweka akiba anunue hedifoni ya maana, asianze na besi wala asianze na bei. Aanze na sauti ya kati.

Sikio zima la kijana husikia kuanzia hezi 20 hadi karibu hezi 20,000. Lakini mwimbaji, udi, kanuni, fidla na akodiani hufanya kazi yao kubwa katika sehemu ndogo ya uwanja huo, baina ya hezi 100 na 5,000 hivi. Hiyo ndiyo sauti ya kati. Uzi mnene wa fidla hulia kwa hezi 196. Kitufe cha mwisho cha piano, kule kulia kabisa, ni hezi 4,186. Besi inayosifiwa Feri iko chini ya hezi 100. Ikitiwa chumvi haikai huko chini. Hupanda ikaifunika sehemu ya chini ya sauti ya mwanamume anayeimba, na udi ukaanza kusikika kana kwamba unapigwa ndani ya pipa.

Kwa taarab hasara hiyo ni nzito zaidi, kwa kuwa taarab ni shairi kabla ya kuwa ala. Mtu wa Kibokoni anayemsikiliza mwimbaji marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, hamsikilizi kwa mahadhi peke yake. Anangoja kina kifike, anapima fumbo limemwendea nani. Mengi ya mashairi yale yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, mwandishi wa Malenga wa Mvita (1971), na neno moja likimezwa beti nzima hupotea. Herufi zinazoyatenganisha maneno, kama s, sh, t na k, hukaa juu kidogo, kati ya hezi 2,000 na 8,000. Hedifoni inayozififisha hula maneno, na inayozizidisha humchoma msikilizaji kila mwimbaji anapofika kwenye s. Kiswahili kina s nyingi.

Kisha kuna udi wenyewe. Shingo yake haina vigawanyo kama gitaa, ndiyo maana mpigaji anaweza kuupata ule mlio ulio katikati ya sauti mbili za piano, ambao makamu nyingi, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, haziwezi kuukosa. Nyuzi zake zimefungwa mbilimbili. Risha ya kupigia inapougusa uzi panatoka mguso mkavu, mfupi, kabla sauti haijafunguka kwenye tumbo la mbao. Ukisikia mguso ule kwanza na mbao baadaye, na nyuzi mbili zikabaki mbili, hiyo ni hedifoni ya kuendelea kuisikiliza. Kwa kipimo hiki hakuna mwalimu mzuri kuliko marehemu Zein l'Abdin, fundi wa udi mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 2016. Albamu yake ya Mtindo wa Mombasa, iliyotolewa na GlobeStyle ya Uingereza mwaka 1990, ilirekodiwa kwa usafi wa kutosha kuipima hedifoni ya bei yoyote.

Si rekodi zetu zote zilizopata bahati hiyo, na hapa mnunuzi anapaswa kujua anachokitafuta. Mwimbaji Siti binti Saad aliporekodiwa Bombay mwaka 1928 na kampuni ya gramafoni ya HMV, maikrofoni za umeme zilikuwa na miaka mitatu tu tangu zianze kutumika katika kazi hiyo. Santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika na upande mmoja ulimeza dakika tatu hivi. Sauti zilizo juu ya hezi 5,000 au 6,000 hazikuingia. Katika kundi lake alikuwamo mwana wa Mombasa, Mbaruk Effendi Talsam, na upigaji wake bado umo mle, nyuma ya mchakacho. Baadaye zikaja santuri za Mzuri, za duka la Assanand & Sons hapa mjini, kisha kaseti, ambazo maduka kama Mbwana Radio Service yalizirekodi na kuzisambaza pwani nzima. Wengi wetu tulizipata zikiwa nakala ya nakala, na kila kaseti ilipohamishiwa nyingine ilipoteza sauti za juu kidogo na kupata mvumo kidogo.

Hedifoni nzuri haitarudisha kilichopotea. Itauonyesha mvumo wazi kuliko zamani, na mtu aliyetumia akiba ya miezi hushtuka usiku wa kwanza akadhani ameuziwa feki. Avumilie. Sauti ya kati ikiwa sahihi, sikio hujifunza haraka kuuacha mvumo upande mmoja na muziki upande mwingine, jambo lisilowezekana pale vyote viwili vimefinyangwa pamoja na besi.

Sasa bei. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 na hakuona uhusiano wowote kati ya bei na jinsi zilivyosawazisha sauti za chini, za kati na za juu. Kwenye maabara za Harman huko Marekani, Sean Olive na wenzake wamewajaribu wasikilizaji wa umri na nchi mbalimbali, na mara nyingi walio wengi huchagua ule mlio uliosawazika. Pesa hununua vitu vingine: kiwambo (utando unaotoa sauti) chepesi kinachoitikia upesi, kiunzi kisicholia chenyewe, mto usioumiza sikio, vipuri. Hivyo vyote vina thamani. Lakini mtu akikwambia ya dola 1,500 lazima iipite ya dola 300 kwa usahihi, usimwamini kabla hujaivaa.

Uamuzi wa kwanza ni mgongo. Hedifoni iliyofungwa mgongo hubana sauti ndani na kuzuia ya nje. Yenye mgongo wazi huiacha sauti ipumue, ikatoka upande wa pili wa kiwambo, na muziki ukaonekana kuwa nje ya kichwa badala ya kujazana katikati ya paji la uso. Sennheiser ya Ujerumani ndiyo iliyoufungulia ulimwengu mlango huo mwaka 1968 kwa HD 414, ile yenye sifongo za manjano. Kwa okestra tofauti ni kubwa mno. Fidla zinakaa kushoto, chelo na besi kubwa kulia, tarumbeta nyuma, na unaweza kumfuata mpigaji mmoja katikati ya watu themanini. Kwa kundi la taarab la Unguja kama Ikhwani Safaa, lililoasisiwa mwaka 1905, ndiyo njia ya kutenganisha safu ya fidla na akodiani inayopiga mahadhi yaleyale.

Ningelazimika kumtajia mtu hedifoni moja tu, ningemtajia HD 600 ya Sennheiser, iliyotoka mwaka 1997 na ingali inatengenezwa. Sauti yake ya kati ni ya kweli kiasi kwamba wahandisi wengi wa sauti huitumia kuwa kipimo cha kupimia nyingine. Mwimbaji husimama mbele yako. Udi una mbao, kanuni ina mng'ao. Upungufu wake ni besi ya chini kabisa, inayoanza kufifia kabla haijafika mwisho wa gitaa la besi, lenye uzi mnene wa hezi 41. Mpenzi wa bango, benga au bongo fleva ataliona pengo hilo siku hiyohiyo. Mpenzi wa Zein hataliona kwa mwaka mzima.

Huyo wa bango na bongo fleva, ikiwa pia anataka okestra, atazame zile zenye kiwambo bapa: utando mwembamba wenye njia za umeme, uliotandazwa mbele ya sumaku. Besi yake huteremka hadi chini bila kuvimba. HiFiMan ya China imezishusha bei, na HE400se yake huuzwa ughaibuni kwa dola mia na kitu. DT 880 ya Beyerdynamic ina mito ya mahameli na mwili wa kudumu, ila sauti za juu zimenolewa sana karibu na hezi 8,000. Anayesikiliza mashairi zaidi ya ala atachoka nayo. K702 ya AKG ina uwanja mpana wa okestra na mwili mwembamba kidogo wa udi. Kisha iko HD 800 ya Sennheiser, ya mwaka 2009, yenye kiwambo cha milimita 56 kilichowekwa kwa mshazari mbali na sikio. Kwa simfonia kubwa sijui inayoishinda kwa upana. Kwa kaseti ya harusi iliyorekodiwa Mji wa Kale ni adhabu, kwa kuwa haisitiri kasoro hata moja.

Ukishachagua, uliza italishwa na nini. HD 600 ina ukinzani wa omu 300 na hufikia desibeli 97 ikipewa volti moja. Simu yenye tundu la jeki, au adapta ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la chaji, hutoa volti nusu hadi moja. Kwa nyimbo za siku hizi, zilizobanwa ili zisikike kwa nguvu mwanzo hadi mwisho, hiyo inatosha. Lakini okestra haibanwi hivyo. Simfonia ya Tisa ya Beethoven, ya mwaka 1824, huanza kwa mnong'ono na kuishia kwa kwaya nzima na ngoma, na anayeisikiliza kwa simu atajikuta amefikisha sauti mwisho na ule mnong'ono bado uko mbali. Amplifaya ndogo ya mezani, hata ya dola mia, inaliondoa tatizo hilo. Hedifoni za kiwambo bapa nazo zina ukinzani mdogo lakini hupenda mkondo mwingi wa umeme, kwa hivyo tarakimu ya omu pekee isikudanganye. Waya za bei mbaya ziache dukani. Tofauti inayodaiwa kuwamo sijawahi kuisikia, na pesa zile zingenunua albamu kumi.

Kuhusu Bluetooth, sina chuki nayo. Baadhi ya mbinu bora zilizopo hupitisha hadi kilobiti 990 kwa sekunde, wakati CD inahitaji 1,411, na kwa muziki mwingi pengo hilo ni dogo kuliko tofauti kati ya hedifoni moja na nyingine. Sababu yangu ya kupendekeza waya ni betri. Hedifoni ya waya ya mwaka 1997 inafanya kazi leo. Isiyo na waya hufa pamoja na betri yake, na betri ya ndani haipendi joto la Machi la Mombasa.

Hali ya hewa yetu ina mengi ya kusema katika jambo hili kuliko wauzaji wanavyokiri. Ngozi ya bandia ya mito hubambuka hapa mapema, kwa jasho na unyevu, ikaacha magamba meusi shingoni. Mahameli hudumu na hupitisha hewa. Jeki hushika kutu ya chumvi, hasa nyumba zinazotazama bahari, Kizingo na Ganjoni. Iweke hedifoni ndani ya kisanduku na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, usiitundike dirishani. Na hapa HD 600 inanivuta tena: mito, waya, sifongo ya kichwani na hata spika zenyewe huchomolewa kwa mkono, bila gundi, na vipuri vinauzwa kimoja kimoja. Fundi wa Mwembe Tayari anayetengeneza redio ataimudu.

Mgongo wazi una gharama yake nyumbani. Pangaboi likizunguka juu yako utalisikia, tuktuk ikipita Ndia Kuu utaisikia, na aliyelala kitanda cha pili ataisikiliza taarab yako apende asipende. Nyumba za Mji wa Kale zimeegemeana ukuta kwa ukuta. Wasikilizaji wengi huzima muziki adhana inapoanza, na mgongo wazi una heri hii kwamba adhana hukufikia bila kuambiwa na mtu. Anayeishi na watoto wadogo au wazee wanaoita anahitaji kuwasikia vilevile. Lakini mwenye chumba kimoja na jirani mgomvi hana budi kuchukua ya kufungwa, na DT 770 ya Beyerdynamic ni mahali pazuri pa kuanzia, ajue tu kwamba anapoteza ule upana.

Na kuhusu Feri yenyewe, ombi langu ni hedifoni nzuri ibaki nyumbani. Injini za feri, mikokoteni, makondakta na honi huinua kelele, na mtu huinua muziki juu ya kelele bila kujua. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika desibeli 90, saa 40 zile zinakuwa saa 4. Shirika hilo linasema vijana zaidi ya bilioni moja wamo hatarini kuharibu masikio yao kwa usikilizaji usio salama. Sauti za juu ndizo zinazoondoka kwanza, zilezile zinazobeba s na t za shairi, na hazirudi.

Hedifoni za kufuta kelele zina nafasi yake. Amar Bose aliliwazia jambo hilo ndani ya ndege mwaka 1978: maikrofoni huisikiliza kelele ya nje, na hedifoni ikatoa mawimbi yaliyo kinyume chake ili yauane. Hufaulu zaidi kwa mngurumo wa chini usiobadilika, na injini ya feri ni mngurumo wa namna hiyo hasa. Ukiwa umeketi ndani ya basi la Nairobi, ivae. Unapoteremka kwenye ngazi ya chuma ya feri, magari yakiwasha injini na hamali akipiga kelele apishwe na mkokoteni wa maji, masikio yako ni ya kazi nyingine.

Kununua penyewe ndipo pagumu. Maduka ya Barabara ya Digo na Nyali yana hedifoni nyingi za majina makubwa na chache za aina ninayoisema, kwa hivyo wengi huagiza kupitia Nairobi au kwa jamaa anayetoka Dubai. HD 600 huko nje hucheza kati ya dola 300 na 450. Kwa shilingi 130 kwa dola, ni shilingi 39,000 hadi 58,500, kabla ya usafiri, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na ada nyingine za forodha. Si pesa kidogo, na ndiyo sababu mtu ahangaike kuivaa kwanza, hata ya rafiki, hata kwa robo saa. Aende na nyimbo zake mwenyewe zilizo kwenye faili nzuri. Zein kwa ajili ya udi. Umm Kulthum kwa ajili ya sauti ya mwanamke mbele ya okestra. Bach kwa chelo moja, ile rekodi ya Pablo Casals ya miaka ya 1936 hadi 1939, ambayo ina uzee wa santuri lakini ina mwili. Glenn Gould akipiga piano, maana alikuwa akiimba chini kwa chini huku anapiga, na hedifoni isiyokupa ile sauti yake inakunyima na mengine. Asawazishe sauti ya zote anazozilinganisha, kwa kuwa inayolia kwa nguvu kidogo daima huonekana bora, na wauzaji wanalijua hilo. Kisha anyamaze, asikilize wimbo mzima.

Liko jambo moja ambalo hedifoni ya kweli inalifanya na nyingine hailifanyi, na kwa Mombasa ndilo kubwa. Ndani ya makabati ya mji huu zimo kaseti za harusi za miaka ya 1970 na 1980, vikundi vikipiga uani, wanawake wakipiga vigelegele na kutunza, maneno ya utani yakirushwa kati ya beti, mara nyingi nyimbo ambazo hazikuwahi kuuzwa popote. Utepe wa sumaku haudumu milele kwenye unyevu huu. Tafuta deki inayofanya kazi, safisha kichwa chake kwa spiriti na pamba, kisha tazama skrubu ndogo iliyo kando ya kichwa hicho. Inarekebisha mshazari wake, na kila deki iliyorekodi ilikuwa na mshazari wake. Vaa hedifoni, igeuze skrubu polepole kwa bisibisi huku wimbo unapigwa, na usikilize s za mwimbaji na mguso wa risha. Zitakuwa nzito, zitafunguka, kisha zitafifia tena. Rudi pale zilipofunguka. Kwa hedifoni ya besi pale mahali hapasikiki.

Hapo unganisha deki na kompyuta, urekodi bila kubana faili, kwa biti 24. Usiifute mivumo kwa programu, maana programu hula na ncha za udi. Kwenye jina la faili andika kikundi, mwimbaji, mtaa, harusi ya nani na mwaka, ukiwauliza wazee wangali wapo. Faili moja ibaki nyumbani, na nyingine ikae kwa ndugu anayeishi mbali na bahari.